Fundi wa Basotu si Mtuhumiwa

Katika nchi yetu, mtu anayeingiza kifaa kipya huitwa mwekezaji, na mtu anayekifufua kifaa kilichokufa huulizwa kibali chake kiko wapi. Naandika makala haya kuupinga mpangilio huo wa heshima. Hoja yangu ni kwamba taifa linalonunua vifaa visivyofunguka, kisha likamtilia shaka raia anayejua kuvifungua, linaugharamia umaskini wake mara mbili: kwanza dukani, halafu kwa vijana wake wenye ujuzi ambao halijawapa mahali pa kuutumia. Nitaitetea hoja hiyo kwa kitu kidogo ambacho huenda baadhi yenu mkakiona hakistahili makala ya mhadhiri: gemu ya mkononi ya zamani, ile ya vijiwe vinavyoshuka na kupangwa.

Waliokua katika miaka ya 1990 wanaikumbuka. Ni kiboksi cha plastiki kinachotosha kiganjani, chenye kioo cha kijivu, vitufe vya mpira, na maandishi ya kujigamba kwamba ndani yake kuna michezo 9999. Mchezo wenyewe ulibuniwa Moscow na Alexey Pajitnov katikati ya miaka ya 1980, ukaenea ulimwenguni ulipouzwa pamoja na Game Boy ya kampuni ya Nintendo, iliyotoka Japani mwaka 1989. Nakala za bei nafuu, zisizo na jina la kiwanda chochote, zikasambaa kutoka China hadi kwenye masoko yetu. Zilikuwa kompyuta za kwanza kushikwa na watoto wengi wa nchi hii, ingawa hakuna aliyewaambia kwamba ni kompyuta.

Mojawapo niliiona mwaka juzi Basotu, wilayani Hanang. Kwa msomaji asiyepafahamu, Basotu ni eneo la ziwa, ngano na mifugo, magharibi mwa Mlima Hanang, ambako Wabarbaig na Wairaqw wamekuwa majirani kwa vizazi. Ilikuwa siku ya soko. Pembeni mwa wauza mitumba palikuwa na meza ya fundi wa redio na simu: kijana wa chini ya miaka thelathini, mita ya umeme yenye waya zilizofungwa kwa gundi ya karatasi, chuma cha kulehemu, chupa ya spiriti, na bati la maziwa ya unga lililojaa skrubu. Mwanafunzi wa darasa la sita akatusalimu, "Shikamooni," kisha akaweka mezani gemu aliyoachiwa na mjomba wake. Akasema imekufa.

Nilikaa kumtazama fundi kwa sababu nafundisha chuo kikuu, na katika mitihani yangu huwaomba wanafunzi waeleze hatua za uchunguzi wa tatizo. Wengi huzitaja kwa ufasaha. Fundi huyu hakuzitaja, alizifuata.

Hakuanza kwa kufungua skrubu. Aliuliza ilikufa lini, ilikaa wapi, na kama betri zilibaki ndani. Mtoto akajibu kwamba ilikaa kabatini na betri zake tangu mjomba aende Babati. Fundi akazitoa zile betri mbili ndogo, za aina itumikayo kwenye saa za ukutani, akazipima. Betri nzima ya aina hiyo husoma volti 1.5 au zaidi kidogo. Zile zilikuwa chini kabisa. Akaweka nyingine, gemu ikabaki kimya. Hapo ndipo alipoiinamisha kwenye mwanga akanionyesha springi ya upande wa hasi, iliyokuwa imefunikwa na unga mweupe wenye rangi ya kijani pembeni.

"Mwalimu, mteja akisema kitu kimekufa, mimi huwa natafsiri kwamba umeme haujafika," aliniambia. "Sasa nautafuta umeishia wapi."

Betri zilikuwa zimevuja. Betri za bei ya chini, zile za zinki na kaboni, humwaga majimaji yenye asidi hafifu, na dawa yake ni maji yenye magadi kidogo. Betri za alkali humwaga kinyume chake, nazo husafishwa kwa siki au maji ya limau. Fundi aliijua tofauti hiyo kwa kusoma maandishi ya ubavuni mwa betri. Akasafisha, akakausha, akapitisha spiriti. Kisha akafungua skrubu za nyuma na kuukuta waya mwembamba kutoka kwenye springi hadi kwenye bodi ukiwa umeliwa hadi kukatika. Akakata kipande cha waya kutoka chaja mbovu, akakilehemu mahali pake. Gemu ikalia.

Lakini kioo kilionyesha nusu ya picha. Kati ya bodi na kioo cha gemu hizi kuna ukanda mwembamba wa mpira wenye tabaka za kupitisha umeme. Ukishika vumbi au ukisogea kidogo, mistari ya kioo hutoweka. Fundi akautoa kwa ncha ya sindano, akausafisha pamoja na meno ya bodi, akaurudisha na kukaza skrubu kwa zamu ili mgandamizo uwe sawa kila upande. Picha ikakamilika. Kilichobaki ni kitufe cha kugeuzia vijiwe, ambacho kilikuwa hakisikii. Chini ya kila kitufe kuna kidoa cheusi cha kaboni kinachounganisha njia mbili za umeme, na kile kilikuwa kimechakaa kwa miaka ya kubonyezwa. Akakipaka risasi ya penseli. Akamwambia mtoto kwamba hiyo itadumu kwa muda tu, na ikichoka airudishe.

Kisha akamwonyesha mtoto tone la gundi nyeusi, gumu kama lami iliyokauka, katikati ya bodi. "Hapo chini ndipo ilipo akili yake. Pakifa hapo, mimi sina la kufanya, na nisingekudai hela yako." Kazi nzima haikufika saa moja, na malipo yake yalikuwa bei ya soda mbili.

Nimeieleza kazi hii hatua kwa hatua ili ionekane kwamba ni maarifa. Ndani yake mna kemia ya betri, mna nadharia ya saketi, mna utaratibu wa kutenga sababu moja baada ya nyingine, na mna uaminifu wa kitaaluma wa kujua mahali ujuzi unapokoma. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu akiniandikia hayo kwenye karatasi, nitampa alama ya juu. Anayeyatenda chini ya mwavuli sokoni tunamwita mtu wa sekta isiyo rasmi, kana kwamba urasmi ndio elimu.

Nusu saa baadaye alipita mtu mwenye kitabu cha risiti. Sitamtaja yeye wala aliyemtuma, kwa maana nia yangu si kumshtaki mtu mmoja. Maswali yake unaweza kuyasikia katika soko lolote nchini. Una leseni ya biashara? Una leseni ya kutengeneza simu? Simu hizi ni za nani? Hakuuliza iwapo kazi ya fundi ni nzuri, wala kama kuna mteja aliyelalamika. Fundi akalipa kiasi fulani, mambo yakaisha, na ninyi mnajua namna mambo ya aina hiyo yanavyoisha.

Tuwe waadilifu kwa upande wa pili, maana mgala muue na haki yake umpe. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ipo kwa sababu za msingi. Kubadili namba tambulishi ya simu ni kosa la jinai chini yake, na ndivyo inavyopaswa kuwa, kwani wizi wa simu hustawi pale namba hiyo inapofutika. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizifungia simu bandia zisitumike kwenye mitandao ya nchi, na zipo hoja za kiafya na za kiusalama zilizounga mkono hatua hiyo. Ufungaji na matengenezo ya vifaa vya mawasiliano nao umewekwa katika kundi la shughuli zinazohitaji leseni ya Mamlaka. Sina ugomvi na kanuni ya kwamba umma una haki ya kujua nani anagusa simu zake.

Ugomvi wangu ni na namna kanuni hiyo inavyoshuka kutoka Dar es Salaam hadi Basotu. Ikiwa leseni inadhani kwamba mwombaji ana ofisi, cheti cha chuo, kompyuta ya kujazia fomu na nauli ya kwenda na kurudi mjini, basi imeandikwa kwa ajili ya duka la mjini, na mtu wa meza sokoni ameachwa nje kabla hajatenda kosa lolote. Akishaachwa nje anakuwa mtuhumiwa wa kudumu, na mtuhumiwa wa kudumu ni chanzo kizuri cha mapato kwa kila mwenye kitabu cha risiti. Mwizi wa simu haathiriki na hali hiyo, maana hakuwa na nia ya kuomba leseni tangu mwanzo.

Isitoshe, dharau hii haikuletwa na sheria peke yake. Miongoni mwa Wadatoga, kabila ambalo Wabarbaig ni sehemu yake, kuna wahunzi waitwao Gidang'odiga. Ni wao wanaofua mikuki na bangili, wakiyeyusha kufuli na mabomba mabovu kupata malighafi, na baadhi yao huwauzia Wahadzabe vichwa vya mishale. Kila mtu amehitaji kazi ya mikono yao, lakini kwa desturi hawakuruhusiwa kuoana na koo nyingine. Jamii nyingi za Afrika zimeishi hivyo na wahunzi wao: huwahitaji mchana na kuwaogopa usiku. Dola ya kisasa ilipokuja na mihuri yake, iliikuta dharau hiyo ikiwa tayari, ikaipa fomu ya kujaza.

Tunayo pia historia iliyojaribu kuivunja. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alilalamikia shule zinazomfundisha mtoto kuidharau kazi ya mikono na maarifa ya wasiosoma. Mwaka 1973 tukaunda SIDO kulea viwanda vidogo. Mwaka 1994 tukatunga sheria iliyoizaa VETA. Sera ya Elimu na Mafunzo, Toleo la 2023, imeleta mkondo wa elimu ya amali katika sekondari. Kwenye karatasi hatujawahi kuikana kazi ya mikono. Lakini mtoto wa Basotu aliyemwona fundi akilehemu anajifunza somo jingine alipoona pia mwenye risiti akipita. Anajifunza kwamba anayejua kutengeneza huinama mbele ya asiyejua.

Wakazi wa Basotu wana sababu ya pekee ya kulielewa suala hili, kwa kuwa ardhi yao iliwahi kuwa uwanja wa majaribio ya mashine zisizo zao. Kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, shirika la umma la NAFCO liliendesha mashamba makubwa ya ngano Hanang kwa msaada wa Canada. Yalikuwa mashamba saba, Basotu likiwa mojawapo, yakilimwa kwa matrekta na mashine za kuvunia kwa mtindo wa nyanda za Canada. Namna Wabarbaig walivyoondolewa kwenye malisho yao ni jeraha linalostahili makala yake, na lilifika hadi mahakamani katika kesi ya kijiji cha Mulbadaw. Hapa nagusa jambo moja tu. Sehemu kubwa ya msaada ule ilikuwa na sharti la kununua vifaa nchini Canada kwenyewe. Trekta lilipoharibika, kipuri kilikuwa ng'ambo ya bahari, na fedha ya kukinunulia ilitegemea uamuzi wa serikali nyingine. Wakosoaji wa mradi, wakiwemo Wakanada wenyewe, walisema mapema kwamba kilimo kinachotegemea vipuri vya mfadhili hakiwezi kuitwa cha kujitegemea. Wafadhili waliondoka, na mashamba yale yakaishia kwenye orodha ya ubinafsishaji.

Sasa linganisha trekta lile na kishikwambi. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu wetu baada ya kazi ya sensa. Niliusifu uamuzi huo na bado nausifu. Mwalimu wa shule ya msingi aliye mbali na maktaba yoyote alipata kitabu cha kila kitu. Lakini betri ya aina ile, ikichajiwa na kutumiwa kila siku, huchoka baada ya miaka michache. Hiyo ni kemia, wala si uzembe wa mtumiaji. Betri yenyewe imefungiwa ndani, mara nyingi kwa gundi. Je, siku ya kununua, kuna aliyemtaka muuzaji alete pia betri za akiba, mchoro wa saketi na mwongozo wa kufungua? Je, mwalimu wa Basotu ambaye kishikwambi chake hakiwaki aende wapi: kwenye meza ile ya sokoni, ambako anayemhudumia ni mtuhumiwa, au akiweke kabatini kama mjomba alivyoiweka gemu?

Msomaji mwenye haraka atasema vifaa vya siku hizi ni tata mno kwa fundi wa soko. Hoja hiyo inachanganya utata na ufungaji. Gemu ya yule mtoto ilitengenezeka kwa sababu ya maamuzi ya kawaida kabisa ya aliyeiunda: skrubu za kawaida, betri zipatikanazo popote, sehemu zinazotoka moja bila kuvunja nyingine. Game Boy yenyewe ilikuwa na sifa nyingi kati ya hizo. Gunpei Yokoi, mhandisi anayehesabiwa kuwa baba wa kifaa kile, alikuwa na falsafa ya kutumia teknolojia iliyokwisha komaa na kushuka bei, kisha kuipa matumizi mapya. Alikubali kioo kisicho na rangi na betri nne ndogo, na kifaa chake kikawashinda washindani waliokuwa na vioo vya rangi vinavyomaliza betri sita kwa saa chache. Hata hivyo, kampuni yake ilifunga mgongo wa kifaa kwa skrubu zenye mabawa matatu, ambazo bisibisi ya kawaida haizishiki. Skrubu ya namna hiyo haiboreshi mchezo kwa chochote. Inazuia tu mikono ya watu fulani. Mafundi wa dunia nzima walijibu kwa kuyeyusha mrija wa kalamu juu ya skrubu, wakaacha upoe na kushika umbo lake, wakapata bisibisi. Simu ya leo inayofungwa kwa gundi, na inayokataa kioo kipya kwa sababu programu haikitambui, imetokana na uamuzi uleule uliopigiwa hesabu kwa umakini zaidi.

Wenye nguvu wameanza kujitetea dhidi ya maamuzi hayo. Ufaransa ilianza Januari 2021 kuwalazimisha wauzaji wa simu na kompyuta za mkononi kubandika alama inayoonyesha kifaa kinatengenezeka kwa kiasi gani. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 agizo linaloipa nguvu haki ya mnunuzi kutengenezewa kifaa, na kanuni yake ya betri ya mwaka 2023 inataka, kuanzia Februari 2027, betri za vifaa vya mkononi ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Hao ni watu wenye uwezo wa kununua kifaa kipya kila mwaka, na bado wamedai haki ya kutengeneza cha zamani. Sisi ambao kifaa kipya ni mshahara wa miezi, hatujaidai. Mtengenezaji atatengeneza bidhaa inayofunguka kwa soko lililodai, na isiyofunguka ataipeleka kwa wasiouliza.

Wapo watakaoniambia kwamba kusifia vifaa vya zamani ni kufungua mlango wa jalala la Ulaya na Asia kuhamia kwetu. Hofu hiyo naiheshimu. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Basel wa 1989 na wa Bamako wa 1991, inayodhibiti usafirishaji wa taka hatarishi, na lazima masharti yake yasimamiwe bandarini bila huruma. Lakini taka inayozuiwa bandarini na kifaa kinachotengenezwa sokoni ni mambo mawili yanayosaidiana. Kifaa ambacho tayari kiko mikononi mwa raia kina njia mbili tu: kitengenezwe au kiwe taka. Kila gemu, redio na simu inayofufuliwa Basotu ni taka iliyocheleweshwa, na aliyeichelewesha hakulipwa na mfuko wowote wa mazingira. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu unazibwa na watu tunaowatoza faini.

Wengine watasema gemu huwaharibu watoto. Inawezekana kwa gemu za kubahatisha fedha, zilizotapakaa mijini na vijijini tukiwa kimya. Gemu ya vijiwe haimdai mtoto fedha, haimtumii matangazo, wala haipeleki taarifa zake kwa mtu yeyote. Zaidi ya hayo, ikifunguliwa mbele yake inamwonyesha kwamba mashine ina ndani, na kwamba ndani mwake mna sababu zinazoweza kufuatwa. Shule nyingi za kata hazina maabara itakayomfundisha hilo kwa bei ya soda mbili.

Basi nadai nini? Madai yangu ni manne, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

La kwanza linahusu ununuzi wa umma. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inawapa maofisa nafasi ya kuweka vigezo vya kiufundi katika zabuni. Kigezo kimoja kiwe hiki: muuzaji wa kifaa chochote cha elektroniki kwa serikali alete vipuri kwa kipindi kinachojulikana, mwongozo wa matengenezo, na betri inayotolewa bila kuvunja kifaa. Serikali ndiyo mnunuzi mkubwa kuliko wote nchini. Ikiuliza, wauzaji watajibu.

La pili linahusu leseni. Mwaka 2018 Serikali ilianzisha vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, ikikiri kwamba mtu wa kipato kidogo hawezi kubebeshwa taratibu za kampuni. Unaweza kuukosoa utekelezaji wake, lakini fikra iliyokuwamo ilikuwa sahihi. Fundi wa kijijini aandikishwe katika ofisi ya kata, mara moja, kwa gharama inayobebeka, apewe namba na daftari la kuandika simu anazopokea. Daftari hilo litamkamata mwizi kuliko kitabu cha risiti.

La tatu linahusu cheti. VETA ina utaratibu wa kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: mtu anapimwa kwa kazi yake, akifaulu anapewa cheti. Utaratibu huo uifuate meza ya fundi siku ya soko, badala ya kumsubiri fundi mjini. Mpimaji akae nilipokaa mimi, aangalie saa moja, ataona ya kutosha.

La nne linahusu shule. Ikiwa mkondo wa amali una maana, shule iliyo karibu na soko la Basotu imwalike fundi huyo darasani na imlipe kama mkufunzi wa muda. Wanafunzi walete vitu vilivyokufa majumbani mwao. Mtaala utakuwa umejiandika wenyewe juu ya meza.

Kwenu wanafunzi wangu: kabla hamjaandika tasnifu kuhusu mapinduzi ya nne ya viwanda, fungueni kitu kimoja kilichoharibika mkitafute kilipokatikia. Kwenu wanaharakati: tumepigania haki ya kusema na haki ya ardhi, na yote hayo yanaendelea; lakini haki ya kufungua ulichokinunua haina hata jina linalofahamika katika mijadala yetu, wala kamati yoyote ya Bunge haijasumbuliwa nayo na sisi. Kwenu watumishi wa umma: zabuni ya vifaa ya mwaka ujao wa fedha itapita mezani kwenu. Ongezeni mstari mmoja kuhusu vipuri. Hakuna atakayewashangilia, ila baada ya miaka mitatu kuna mwalimu wa Basotu ambaye kishikwambi chake kitakuwa kinawaka.